Datsun 240Z ya Kibosho: nini kiliua silinda namba 5?

Maelezo yaliyokuja na gari hili yalikuwa mafupi: "Injini imekufa fundi, tushauri tu tuweke ya Toyota ipi." Aliyesema ni kijana, mpwa wa mwenye gari, amesimama kando ya Fuso lililoibeba Datsun kutoka Kibosho hadi gereji yetu Pasua, mjini Moshi. Mwenye gari ni mama mstaafu anayeishi Arusha, na jioni ile nilizungumza naye kwa simu. Baada ya shikamoo na habari za huko, akaniuliza swali ambalo ndilo lililoongoza kazi nzima: "Fundi, mzee wangu, yaani baba yangu, aliliingiza mwenyewe hilo gari kwenye stoo ya kahawa, linanguruma vizuri. Sasa limekufaje wakati lilikuwa limelala?"

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu magari ya aina hii bado yapo, yamefunikwa maturubai kwenye mabanda ya Machame, Marangu, Usa River na kwingineko. Na vijana wenye Land Cruiser na mnyororo wapo pia.

Kwa asiyeijua, 240Z ni gari la michezo la Nissan, milango miwili, viti viwili, boneti ndefu. Japani ilizinduliwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na nje ya Japani ikauzwa kama Datsun 240Z hadi ilipoipisha 260Z. Injini yake inaitwa L24: silinda sita kwa mstari, ujazo wa cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi zinazofanya kazi kwa mtindo wa SU za Uingereza, nguvu za farasi 150 kwa hesabu za enzi zile. Huku kwetu sifa yake ilitokana na mbio za magari za Safari. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1971, wakati mbio zile zikiitwa East African Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo tena akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Mzee mmoja wa Kibosho aliyeuza kahawa yake vizuri miaka ile angeitamani, na huyu aliinunua.

Hatukugusa stata. Betri hatukuunga kabisa. Kijana alishangaa, maana alitegemea tutaanza kwa kuwasha "tusikie". Kwa gari lililolala miaka zaidi ya ishirini, kusikia ni hatua ya mwisho. Kabla ya hapo kuna mengi ya kusoma, na kila utakachokizungusha kwa pupa kinafuta sehemu ya maandishi.

Tulianza na matairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tangu mwaka 2000 ni tarakimu nne, kabla ya hapo zilikuwa tatu. Haya yalikuwa na tatu, ya mwisho ikiwa 7, na kando yake kipembetatu kidogo ambacho baadhi ya viwanda vilikitumia kuonyesha muongo wa 1990. Kwa hiyo matairi ni ya 1997, na kashata zake zilikuwa bado nene. Gari halikutembea sana baada ya hapo. Hilo lilikubaliana na kumbukumbu ya mama kwamba mzee alianza kuumwa mwaka uliofuata.

Ila tairi la nyuma kushoto lilikuwa na bapa. Sizungumzii ule ubapa wa tairi kukaa bila upepo. Hili lilikuwa limesagwa, mpira mweusi mbichi unaonekana, nyuzi zinaanza kuchungulia. Tairi husagika hivyo likiburuzwa bila kuzunguka. Ndoano ya mbele ya kuvutia nayo ilikuwa imepinda, na pale ilipopindia kutu ilikuwa imebanduka na chuma kinang'aa. Nikamwita kijana nikamwonyesha kwa kidole, bila kumuuliza kitu.

"Tuliivuta kidogo tu, fundi," akasema. "Gia ya tatu. Iliguna, ikazunguka kama mara mbili, halafu ikapiga *tak*. Tukaacha."

Nilimshukuru, kwa kweli, kwa sababu wengi hukana. Tak ile ilituambia tutafute wapi.

Tukafungua plagi zote sita tukazipanga kwa mpangilio wake mezani, kisha tukachungulia ndani ya kila silinda kwa kamera nyembamba ya waya inayochomekwa kwenye simu. Kifaa hiki siku hizi kinauzwa bei ya kawaida tu, na sijui kwa nini gereji nyingi hazina. Silinda ya 6 ilikuwa safi. Ya 1 na ya 4 zilikuwa na vumbi na manyoya, maana panya walijenga kiota kwenye filta ya hewa, lakini kuta zake zilikuwa na kutu kidogo mno. Ya 3 ilikuwa na madoa mepesi kuelekea chini. Ya 5 ndiyo iliyotisha: mkanda wa kutu katikati ya ukuta, mwekundu, umezunguka silinda nzima. Na juu ya pistoni yake kulikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mwandamo, linang'aa katikati ya masizi meusi.

Hapo ndipo tukaitazama silinda ya 2 kwa makini. L24 huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na kwenye injini hii pistoni ya 2 na ya 5 hupanda na kushuka pamoja. Kwa hiyo popote mzee alipoizima injini, pistoni hizi mbili zilisimama kimo kimoja. Kweli, ukutani mwa silinda ya 2 kulikuwa na mstari hafifu kwenye kimo kilekile cha mkanda wa kutu wa ya 5. Pistoni zilisimama sawa, stoo ni ileile, miaka ni ileile, oili ni ileile. Moja imeoza na nyingine imesalimika. Kwa nini?

Kwa sababu pistoni zikiwa pamoja, valvu haziko pamoja. Wakati silinda ya 5 inapandisha kutoa moshi, ya 2 inapandisha kukandamiza hewa. Ya 2 ilikuwa imefungwa pande zote. Ya 5 ilikuwa na valvu ya kutolea moshi iliyofunguka kabisa, na nje ya valvu hiyo kuna bomba refu linaloishia nyuma ya gari, mdomo wazi. Kibosho ni mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, upande unaopata mvua kuliko pande nyingine, na stoo ilikuwa katikati ya migomba. Kila masika unyevu uliingia kwa mdomo wa bomba ukafika hadi juu ya pistoni ya 5. Silinda ya 3, kwa hesabu ileile ya mpangilio, valvu yake ya kutolea ilikuwa imeanza tu kufunguka. Ndiyo maana ilipata madoa mepesi tu. Za 1 na 4 zilikuwa wazi upande wa kabureta, ambako kiota cha panya, amini usiamini, kilizisaidia.

Kwa hiyo kulala kulileta kutu. Kuua hakukufanywa na kutu. Unyevu ule ulifanya mambo mawili katika silinda ya 5: ringi za pistoni zilishikana na ukuta, na mti wa valvu ya kutolea ukagandia ndani ya gaidi yake (kijibomba kinachouongoza), valvu ikiwa wazi. Injini katika hali hiyo inaweza kukaa miaka mingine ishirini bila kuharibika zaidi ya hapo. Ukiizungusha kwa mkono, taratibu, itagoma, na wewe utajua kuna kitu. Ukiivuta kwa Land Cruiser ikiwa kwenye gia, haina uwezo wa kugoma. Ringi zilibanduka kwa nguvu, pistoni ikapanda hadi juu, ikakuta valvu iliyotakiwa kuwa imefunga bado imening'inia ndani. Tak.

Tulithibitisha kabla ya kufungua chochote kikubwa. Kupima kompresheni kwa stata kungekuwa kuirudishia pistoni ile kipigo kilekile, kwa hiyo tuliingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi ya silinda ya 5, na mwenzangu akaweka kiganja nyuma kwenye bomba la moshi. Upepo ukamtokea pale pale. Tulipofungua kifuniko cha juu, roka (mkono mdogo unaoisukuma valvu) ya valvu ya kutolea ya silinda ya 5 ilikuwa imelala ubavu, imetoka kwenye nafasi yake. Kwenye injini za L roka haifungwi na shafti. Inashikiliwa na mgandamizo wa valvu yenyewe. Valvu ikikwama wazi, roka haina cha kuishika.

Mama alipopata maelezo haya kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mzee hakuniachia gari bovu?" Nikamwambia hapana.

Sasa suala la Toyota. Kijana hakuwa amesema jambo la ajabu. Ukipita gereji yoyote Moshi au Arusha ukawa na gari la zamani lisilowaka, ushauri wa kwanza utakuwa kutafuta injini ya Toyota Mark II, ya GX 100 au 110, kwa sababu spea zake zinapatikana hata soko la Mbuyuni na kila fundi anaijua. Kwa pikapu ya kubebea ndizi mimi mwenyewe ningekubali. Kwa gari hili nilikataa, na sababu zangu hazikuwa za mapenzi. Kwanza, maunti za injini zingekatwa, sehemu ya kupitia giaboksi ingepanuliwa, propela ingefupishwa na waya zingeanzwa upya. Ukijumlisha kazi hiyo, bei ya "injini rahisi" inapotea njiani. Pili, chini ya boneti kuna kibati kinachotaja chesisi, HS30, yaani 240Z ya usukani wa kulia, pamoja na namba ya injini. Namba hiyo ndiyo ileile iliyogongwa kwenye bloku na ndiyo iliyoko kwenye kadi ya gari. 240Z ambayo kibati, bloku na kadi vinasema jambo moja ni bidhaa tofauti kabisa na ganda lililowekwa injini ya Mark II, hata kama la pili linakimbia zaidi. Tatu, na hili ndilo lililomaliza ubishi, uharibifu wote tuliokuwa tumeuona ulikuwa valvu moja na silinda moja.

Injini ilitoka kwa cheni bloki iliyofungwa kwenye boriti. Kwenye kung'oa hedi (kichwa cha injini) kuna mtego wa injini hizi ambao umewaliza wengi: kamshafti, inayofungua valvu, iko juu, cheni inashuka mbele ya injini, na kule chini kuna kibano cha kukaza cheni. Ukiondoa giya ya kamshafti bila kuizuia cheni, kibano kinaruka nje, na hakirudi mpaka ufungue kava ya mbele yote. Dawa yake ni kabari ya mbao. Nilichonga ya mninga, nyembamba chini na nene juu, nikaishindilia kati ya pande mbili za cheni kabla ya kulegeza bolti ya giya. Nilitoboa tundu juu ya kabari nikafunga kamba ngumu, ili isije ikazama ndani halafu tuanze kuivua. Ni kipande cha mti cha bure, lakini kinaokoa kazi ya siku nzima.

Hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, na mzee, kama wengi wetu, aliweka maji ya bomba kwenye rejeta. Njia za maji zilikuwa na unga mweupe na aluminiamu imeliwa kidogo kingoni. Haikuwa imefika eneo la gasketi, kwa hiyo kusawazisha hedi kulitosha. Valvu ya silinda ya 5 ilikuwa imepinda kiasi cha kuonekana kwa macho ukiiviringisha juu ya kioo. Pistoni ilikuwa na kovu tu, haikupasuka. Tulilainisha kingo zake kwa msasa tukairudisha.

Hedi ikiwa nje, tulibadilisha siti zote sita za valvu za kutolea, yaani pale valvu inapokalia ikifunga, tukaweka za chuma kigumu. Hili halikuhusiana na ajali. Gari hili lilizimwa wakati petroli ya hapa ilikuwa na risasi, na risasi hiyo, pamoja na madhara yake kwa watu, ilikuwa inakinga siti laini za valvu zisisagike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006. Kwa hiyo Datsun hii ililala katika zama moja ya mafuta na kuamka katika nyingine. Siti zake za zamani zingefanya kazi kwa muda, kisha nafasi za valvu zingeanza kupotea, na hedi ingerudi mezani. Ni gharama ndogo ukiwa umeshafungua, kubwa ukiwa umeshafunga.

Ubishi mwingine ulikuwa kwenye silinda ya 5. Fundi wa mashine alitaka kuzichonga zote sita na kuweka pistoni kubwa zaidi. Ni ushauri wa kitabu, na kama kutu ingekuwa imechimba ningekubali. Lakini tulipoukwangua ule mkanda kwa jiwe la honi (la kusugulia ndani ya silinda), ulibaki kama kivuli. Ukipitisha ukucha haukwami popote. Kipenyo kilikuwa bado ndani ya kipimo, kikizunguka milimita 83 za kiwandani. Tukaamua honi na ringi mpya, basi. Kuchonga ni kazi unayoweza kuifanya baadaye. Chuma ulichokiondoa hukirudishi. Silinda ya 5 huenda ikala oili kidogo kuliko wenzake. Tulimwambia mama hivyo waziwazi, akakubali.

Kwa wanaotafuta ringi za injini hii: kipenyo cha L24 na mwendo wa pistoni yake, milimita 73.7, ni sawa na vya L16, injini ya silinda nne ya Datsun 1600 za zamani. Ni familia moja, imeongezwa silinda mbili. Ukikutana na muuza spea wa siku nyingi mwenye seti za L16 dukani, usimdharau, ila pima unene wa ringi kabla hujalipa. Za kwetu ziliagizwa Uingereza pamoja na valvu na gasketi, na kusubiri mzigo ndiko kulikochukua muda kuliko kazi yote ya mikono.

Klachi ilikuwa imeshikana na flaiwili kwa kutu. Injini ilikuwa nje tayari, kwa hiyo ni kufungua, kusafisha na kuweka plati mpya.

Breki zilinipa hofu kuliko injini, na naona watu hawazipi uzito wake. Injini iliyokaa ikigoma, unabaki umesimama ulipo. Breki iliyokaa inaweza kukubali mara tatu ya nne ikakataa, na barabara ya kutoka Kibosho kuja mjini ni mteremko mwanzo hadi mwisho. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ule hukaa chini kabisa ya silinda ya breki na kuichimba kwa ndani. Tulipofungua wili silinda za nyuma, pistoni zake zilitoka kwa kugongwa; ile ya kushoto ndiyo iliyokuwa imelifunga tairi wakati wa kuvutwa, na ndiyo iliyotengeneza lile bapa. Masta silinda kwa nje ilikuwa inapendeza. Kwa ndani ilikuwa na vishimo. Hatukuweka raba mpya juu ya vishimo. Tuliweka masta silinda mpya, wili silinda mpya na kaliper za mbele zikafunguliwa zote. Mabomba ya mpira nayo, yote manne, ingawa mawili hayakuwa na ufa hata mmoja. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani: ukikanyaga oili inapita, ukiachia hairudi, na gari linajifunga breki lenyewe barabarani.

Tangi la mafuta, la lita 60, lilikuwa na kitu kinachonuka kama vanishi. Tulilisuuza, tukaingiza nati nyingi na siki, tukalitikisa na kulilaza pande zote, tukarudia mpaka maji yalipotoka safi. Pembeni lina ufa mdogo wa kutu, na fundi mmoja akajitolea kuupiga gesi. Jibu lilikuwa hapana. Tangi lililowahi kuwa na petroli hulipuka kwa mvuke wake hata likionekana kavu. Ufa ulizibwa kwa gundi ya chuma. Mipira yote ya mafuta ilibadilishwa, kabureta zikafunguliwa, na pampu, ambayo ni ya kusukumwa na kamshafti, ikawekewa kiwambo kipya.

Nikija kwenye bodi, kuna hadithi ya familia. Vijana wote wa ukoo wanaamini gari hili "lilikimbia Safari". Ushahidi wao ni matundu manne kwenye bampa ya mbele yaliyowahi kushika taa za ziada. Nililikagua kwa nia njema kabisa, maana lingekuwa jambo kubwa. Hakuna alama za kufungwa vyuma vya kukinga paa. Hakuna viungo vya bodi vilivyoongezewa welding. Chini hakuna tundu wala mkwaruzo wa bamba la kukinga injini. Magari ya timu ya kiwanda yalikuja na namba za Japani, na hili lina kadi ya hapahapa tangu mwanzo. Taa nne aliziweka mzee, kama walivyofanya wengi miaka ile. Nilipomwambia mama, alicheka: "Baba yangu alikuwa anakwenda kusimama barabarani kuwaangalia. Kushindana angewezea wapi?" Naandika hili kwa sababu gari kama hili likifika sokoni, ndani ya wiki litakuwa limeshinda Safari mara mbili.

Chini ya betri na sakafu ya upande wa dereva kutu ilikuwa imetoboa, sehemu mbili ambazo 240Z huanza kuoza popote duniani. Tulikata mpaka kwenye bati zima, tukachomelea bati jipya. Fundi wa bodi alitaka aendelee: puti kote, rangi nyekundu ya kung'aa, gari litoke kama jipya. Nilipitisha sumaku kwenye milango, mapaja na paa. Ilinata kila mahali, maana yake bati lilikuwa bado lenyewe, halijawahi kufichwa na puti, isipokuwa paja la mbele kushoto. Rangi ya chungwa iliyopauka juu ni ileile iliyoko chini ya zulia, ambako jua halikufika. Tuliiosha, tukaipiga kampaundi kwa mkono, tukaiacha na mikwaruzo yake. Kijana hakufurahi. Aliona tumefanya kazi nusu. Nilimweleza kwamba rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa, hakuna mnunuzi atakayeweza kujua tena kama chini kulikuwa na bati au na puti, na kila mtu atakisia puti.

Kuwasha hakukuwa na vituko. Plagi nje, tukazungusha kwa stata mpaka geji ya oili ikanyanyuka, ndipo plagi zikarudi. Kompresheni tuliipima hapo: silinda tano zilicheza kati ya 145 na 150 psi, ya 5 ikaleta 140. Vitabu huzungumzia kama 170, na mwenzangu akakunja uso. Lakini vitabu viliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Moshi iko zaidi ya mita 800 juu, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 9, na geji husoma hewa iliyopo. Kwa hapa, injini nzima ya aina hii usiitegemee kuvuka 155 hivi.

Hewa hiyohiyo ilitusumbua kwenye kabureta. Kipimo cha kuanzia ni kushusha nati ya chini, ambayo ikishuka huongeza petroli, mizunguko miwili na nusu. Mjini iliwaka ikinuka petroli kidogo. Tulipoipandisha Kibosho, zaidi ya mita 500 juu ya mji, plagi zilirudi nyeusi kama mkaa na gari likawa linakohoa kila kona. Tukapandisha nati zote mbili kidogo kidogo, kwa kipimo sawa, hadi plagi zikawa za kahawia. Sasa likishuka mpaka TPC, kwenye mashamba ya miwa chini ya mji, litakuwa linapata petroli pungufu kidogo, na likipanda litakuwa sawa. Kwa kuwa litaishi Arusha, iliyo juu kuliko Moshi, tumeliacha hivyo.

Yaliyobaki ni kebo ya spidi, breki ya mkono inayoshika upande mmoja, na karatasi. Kadi bado ina jina la marehemu. Mirathi haikuwahi kufunguliwa, kwa hiyo mama ameanza mahakamani kuomba usimamizi, na bila hiyo TRA (Mamlaka ya Mapato) hawawezi kubadilisha umiliki. Mpaka karatasi zikamilike gari liko kwetu juu ya stendi, tangi limejazwa hadi juu lisipate nafasi ya unyevu, na mdomo wa bomba la moshi umezibwa kwa kitambaa chenye oili, na kibao kimening'inizwa kwenye usukani: USIWASHE KABLA YA KUTOA KITAMBAA. Kijana ndiye aliyekiandika.